Mkono Mmoja Haulei Mwana: Malezi ya Ghafla katika Nchi ya Ruvuma

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii husemwa arusini, husemwa matangani, na husemwa barazani wazee wanapokaa kushauriana juu ya mayatima. Na kila mara maana yake ni ile ile, ya kwamba kulea ni kazi ipitayo nguvu za mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Lakini maisha hayangoji ruhusa ya methali. Mauti huja bila kupiga hodi, vita huzuka, safari hurefuka, na mtu aliyelala jana akiwa mke, au mume, au kijana asiye na mzigo, huamka leo akiwa mzazi wa peke yake. Ajabu ni kwamba hali hiyo, ambayo kila mtu huiogopa nyumbani kwake, ikitiwa katika hadithi hupendwa kuliko hadithi nyingi. Wasomaji huililia na kuifurahia kwa pamoja. Yafaa kuuliza ni kwa sababu gani, na tena yafaa kuuliza kama historia yakubaliana na machozi hayo.

Mfano mmoja watoka mbali, katika nchi ya Japani, ambako hadithi za picha ziitwazo manga husomwa na wakubwa kwa wadogo. Katika mwaka 2005 mwandishi Yumi Unita alianza kutoa hadithi iitwayo Usagi Drop, iliyoendelea mpaka mwaka 2011. Mwanzo wake ni msiba. Daikichi, mwanamume wa miaka 30 asiye na mke wala mtoto, amekwenda kumzika babu yake. Huko amkuta mtoto wa kike wa miaka sita, jina lake Rin, na jamaa wanong'onezana kwa aibu kwamba huyo ni mwana wa marehemu, aliyezaliwa bila ukoo kujua. Yatima yule azungukwa na watu wazima, na kila mmoja wao ana udhuru wake: huyu ana kazi nyingi, yule ana watoto wake, mwingine aona haya. Daikichi, kwa hasira zaidi kuliko kwa hekima, asema mtoto na aje kwake. Basi sehemu ya kwanza ya hadithi yote ni hayo yafuatayo baada ya neno moja lililotamkwa bila kufikiri: kutafuta mahali pa kumweka mtoto mchana, kukimbia jioni kwenda kumchukua, kuomba kazi nyingine isiyomchelewesha, na kuamka usiku kwa sababu godoro limelowa.

Mvuto wa hadithi ya namna hii una sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba mlezi hakujiandaa, na msomaji ajiona mwenyewe ndani yake, maana hakuna mtu aliyepata kujiandaa vya kutosha. Ya pili ni udogo wa mambo yenyewe. Hakuna upanga wala kiti cha enzi. Kuna chakula cha mtoto, nywele za kusuka, na homa ya usiku mmoja, na kwa mambo hayo madogo mapenzi hupimwa kuliko kwa viapo. Ya tatu, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni kwamba uzazi waonekana kuwa ni jambo la kuchagua kila siku. Wazee walilijua hilo waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Hata hivyo msomaji makini ataona jambo la nne. Daikichi hasifiwi kwa kuwa peke yake. Polepole watokea watu kandokando yake: mama yake mzazi, ambaye mwanzoni alikataa, mwanamke afanyaye kazi pamoja naye, aliyekwisha kuonja taabu za ulezi, na mama wa mtoto mwingine, aliyeachana na mumewe, ambaye naye alea peke yake. Utamu wa hadithi hauko katika upweke wa mkono mmoja, bali katika kuhesabu mikono ijayo kuusaidia. Mtu akiutazama mkono ule wa kwanza tu na kuushangilia, amesoma nusu ya hadithi.

Fasihi ya Kiswahili haikuhitaji kungoja Japani ili kulijua jambo hilo. Utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, ulioandikwa katika mwaka 1858, ni kazi ya mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepigana na Sultani wa Unguja kwa miaka mingi, alifariki katika mwaka 1856. Mama akabaki na wanawe, naye mwenyewe ni mgonjwa, ajua kwamba siku zake si nyingi. Wasomaji wengi wameuchukua utendi huo kuwa ni mafunzo ya mke kwa mumewe tu, na wengine wameulaumu kwa sababu hiyo. Lakini ukisomwa kama sauti ya mzazi aliyebaki peke yake, na ambaye karibu ataondoka naye, nasaha zake zapata uzito mwingine: mama amtafutia binti yake mikono itakayomshika baada ya wake kulegea.

Karibu miaka mia baadaye Shaaban Robert, aliyezaliwa katika mwaka 1909 karibu na Tanga, alifikwa na msiba wa namna hiyo. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto, na mshairi alimlilia kwa beti ambazo wanafunzi wengi wamezisoma. Kwa mwanawe wa kiume aliandika Utenzi wa Adili, na kwa binti yake aliandika Utenzi wa Hati. Huyu ni baba asiye na mwenzake wa kumshauri juu ya mtoto, naye achukua kalamu kufanya kazi ambayo katika nyumba nyingine ingegawanywa kwa watu wawili. Shaaban Robert alikuwa wa asili ya Kiyao, na Wayao ni watu ambao kwao ni huko kusini, ng'ambo na ng'ambo ya mto Ruvuma. Basi si vibaya kuifuata asili hiyo mpaka katika nchi yenyewe, kuona historia imesema nini pale ambapo waliolea peke yao hawakuwa washairi, wala hakuna aliyewaandika.

Liparamba imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Wilaya ya Mbinga katika mwaka 2012. Ni nchi ya mpakani. Upande mmoja liko Ziwa Nyasa na vijiji vya wavuvi. Upande mwingine ipo milima ya Umatengo yenye mashamba ya kahawa na ya ngoro. Na kwa kusini na mashariki kuna misitu ya miombo, mto Ruvuma, na nchi ya Msumbiji. Katika mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba Ruvuma uwe mpaka baina yao. Mapatano hayo yalifanywa Ulaya, na jamaa waliokuwa wakivuka mto kwenda kuoa, kuzika na kulima hawakuulizwa.

Makabila ya nchi hiyo hayakuwa na desturi moja ya ukoo. Kwa Wayao mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Baba akifa au akitoweka, mtoto hahamishwi, maana yuko kwao tangu mwanzo. Kwa Wangoni na Wamatengo mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba akifa ndugu zake ndio wenye wajibu. Desturi hizo zilikuwa na ukali wake, na mjane mara nyingine aligawiwa kama mali. Lakini zilikuwa na jibu tayari kwa swali ambalo jamaa wa Rin walilikimbia: mtoto huyu ni wa nani? Swali hilo halikungoja mtu mmoja mwenye huruma asimame matangani. Lilikuwa limejibiwa kabla mtoto hajazaliwa.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikwenda Mbinga kuchunguza kilimo cha Wamatengo. Pamoja na habari za mashimo ya ngoro waliandika habari za desturi ya kale iitwayo sengu, ambayo kwayo jamaa wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao wakala pamoja, na papo hapo wakazungumza mambo yao. Chakula na shauri vilikuwa kitu kimoja. Si vigumu kufahamu faida yake kwa mtoto aliyefiwa, kwa kuwa palikuwa na chungu ambacho hakikuuliza baba yako yuko wapi. Desturi hiyo ilidhoofika katika karne ya ishirini, na sababu za kudhoofika kwake ndizo historia ya ulezi wa peke yake katika nchi ile.

Pigo la kwanza kubwa lilikuwa Vita vya Maji Maji. Vilianza Umatumbi katika Julai 1905, vikafika Ungoni katika Septemba mwaka ule. Serikali ya Kijerumani ilipoona kwamba risasi hazitoshi, iliamua kupigana kwa njaa: mashamba yalichomwa, ghala zilitwaliwa, na watu wakazuiwa kulima. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa 67 walinyongwa pamoja mjini Songea. Wajerumani walikadiria kwamba katika vita vyote walikufa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona kwamba idadi yapata 250,000 hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa wala si na bunduki. Hesabu hizo husomwa kama hesabu za waliokufa. Ni lazima zisomwe pia kama hesabu za walioachwa. Ukoo ambao desturi yake ni kwamba ndugu wa marehemu amchukue mtoto wafanyeje ikiwa ndugu naye amenyongwa, na mzee wa chungu amekufa kwa njaa? Hapo ndipo mkono mmoja ulipobaki mmoja kweli.

Kabla jeraha halijapona ikaja Vita Kuu ya kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza ilishambulia meli ya Kijerumani huko Liuli, kwenye pwani ile ile ya ziwa, na miaka minne iliyofuata wanaume wa kusini walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi yote mawili. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi na uchovu. Mke wa askari aliweza kupata habari za mumewe. Mke wa mpagazi aghalabu hakupata habari yo yote. Alingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa ndiyo habari.

Baada ya vita ilikuja safari ya namna nyingine, isiyo na bunduki. Ushuru ulitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Wamatengo walipata kahawa katika miaka ya 1920, na kahawa iliwazuia wengi wasiondoke. Lakini kutoka Ungoni na sehemu nyingine za wilaya ya Songea wanaume walikwenda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Katika mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama cha kuajiri kilichojulikana kwa jina la SILABU. P. H. Gulliver aliandika kitabu kizima juu ya safari hizo za Wangoni na Wandendeuli, kikachapishwa katika mwaka 1955. Wengine walikwenda kusini zaidi, katika migodi. Watu wa nchi ambayo leo ni Malawi huwaita waliokwenda wasirudi machona, yaani waliopotelea ugenini.

Mke wa aliyepotea hakuwa mjane, wala hakuwa mke kwa maana ya kila siku. Hakukaa eda, hakurithiwa, hakuolewa. Ukoo haukuitwa kukata shauri, kwa kuwa hapakuwa na kifo cha kukatia shauri. Hii ndiyo namna ya ulezi wa ghafla ambayo haina tarehe: mama hakumbuki siku alipoanza kuwa peke yake. Aliyemsaidia, kama alikuwapo, ni bibi, yaani mama yake mzazi au mama wa mumewe, na mkono wa bibi ndio uliosahauliwa kuliko yote katika historia ya nchi ile. Bibi alilea wanawe, kisha akalea wajukuu, na fedha ya mkonge haikumfikia.

Msiba wa mwisho katika mfululizo huu ulitoka ng'ambo ya mto. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 kilianza vita ya kuwaondoa Wareno katika Msumbiji. Wakimbizi walivuka Ruvuma kuingia Tanzania, na wengi walikuwa wanawake wenye watoto. Nchi ya mpakani ikawa njia ya silaha kwenda na ya mayatima kurudi. Huko Tunduru, katika mkoa huu huu wa Ruvuma, FRELIMO waliweka kituo cha watoto na elimu, na kituo hicho chafungamana na jina la mwanamke mmoja kijana.

Josina Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945. Alitoroka utawala wa Wareno akakamatwa njiani, akatoroka tena, akafika Tanzania. Alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji Dar es Salaam chini ya Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Alikataa nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, akajiunga na kikosi cha wanawake kilichofunzwa silaha Nachingwea. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, na Janet akabaki na watoto watatu. Mwalimu wa Josina katika kazi akawa mzazi wa peke yake kwa dakika moja. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Josina aliolewa na Samora Machel huko Tunduru, na mwisho wa Novemba akazaa mtoto wa kiume.

Katika mwaka 1970 Josina alipewa uongozi wa idara ya ustawi wa jamii, na kazi yake kubwa ilikuwa vituo vya kulelea mayatima na watoto ambao wazazi wao walikuwa vitani. Hapa historia yafanya jambo ambalo mtunzi wa hadithi angeona haya kulifanya. Mwanamke aliyejenga nyumba za watoto wasio na mama alikuwa mgonjwa, akashauriwa kupumzika, asipumzike. Safari za kazi zilimlazimu kumwacha mwanawe mikononi mwa wengine. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam, umri wake miaka 25, na mtoto wake hajatimiza mwaka mmoja na nusu.

Samora Machel, ambaye tangu mwaka 1970 alikuwa rais wa FRELIMO, akawa baba mjane katikati ya vita. Aliandika shairi la kumlilia mkewe ambalo lakana kwamba amekufa, na shairi hilo lingali likipendwa. Siku ya kifo cha Josina, tarehe 7 Aprili, ndiyo Siku ya Wanawake ya Msumbiji. Mvuto wa moyo basi haukosekani: kamanda mwenye bunduki, mke aliyekufa kijana, na mtoto mdogo asiyefahamu kwa nini nyumba imenyamaza. Lakini mtu aongozaye vita hawezi kumbeba mtoto mgongoni. Mwana wa Josina aliingia katika hali ile ile ya watoto ambao mama yake aliwatumikia. Alihitaji mikono mingi, nayo ilipatikana kwa kuwa kina Josina walikwisha kufanya kazi ya kuwafundisha watu kwamba mtoto wa mwenzio ni wako.

Na kisa hakikuishia hapo. Katika mwaka 1975, mwaka wa uhuru wa Msumbiji, Samora alimwoa Graça Simbine, ambaye akawa mlezi wa watoto asiowazaa. Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ilimwua Samora huko Mbuzini, na sasa Graça naye akabaki mjane mwenye watoto. Miaka kumi baadaye, katika mwaka 1996, Graça Machel alitoa kwa Umoja wa Mataifa taarifa kubwa juu ya maisha ya watoto katika vita. Aliyoyaandika kwa ajili ya dunia alikuwa ameyajua kwanza chumbani mwake.

Sasa yaweza kujibiwa swali lililoulizwa mwanzo. Hadithi ya mlezi wa ghafla huvuta mioyo kwa haki, maana ni kweli kwamba mtu wa kawaida aweza kuitikia mwito asioutarajia, na kwamba mapenzi hukua katika kazi. Historia ya nchi ya Ruvuma haipingi hayo. Lakini yaonya juu ya sifa zitolewazo upesi mno. Mama aliyeachwa na mpagazi hakuwa peke yake kwa sababu ya ushujaa wake; alikuwa peke yake kwa sababu serikali ilimchukua mumewe. Mke wa manamba hakuteuliwa na majaliwa. Mshahara wa mkonge ulipangwa kwa mtu mmoja, na jamaa yake wakaachiwa jembe la mama na mgongo wa bibi. Kuwasifu kwa uvumilivu bila kumtaja aliyeikata mikono mingine ni kumpunguzia lawama mwenye kosa.

Kwa hiyo methali yapaswa kusomwa upya na wanafunzi wa historia. Haimlaumu mwenye mkono mmoja, wala haimkatazi kulea. Maelfu katika mwambao wa Nyasa na katika misitu ya Liparamba walilea, na watoto wao wakawa watu. Methali yawageukia wale wasimamao kando, jamaa wenye udhuru matangani, na kumwuliza kila mmoja wao mkono wake uko wapi. Katika ukoo wa kale swali hilo lilijibiwa kwenye chungu cha sengu. Katika kituo cha Tunduru lilijibiwa na vijana waliokuwa hawajafikia miaka 30. Kila kizazi chalazimika kulijibu tena, kwa kuwa mtoto aliyesimama pale katikati hawezi kungoja.